Mabano ya Wandera

Harufu ya turubai lililoloa, ikichanganyika na dizeli, hunirudisha Busia kwenye foleni ya malori, na hasira yangu hurudi ingali moto. Baba alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva wa lori. Nilizoea kumtazama akishusha magunia yakaguliwe mpakani, huku akirudia maneno yake: "Ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka."

Kwa maneno hayo nilibuni kilugha changu katika klabu ya kompyuta shuleni. Uliandika jumlisha(5, toa(9, 4)), na programu ikasoma alama moja moja. Kila bano lililofunguka ililipanga juu ya lililotangulia. Likija la kufunga, ilishusha la juu kabisa. Leo kutunga sarufi za lugha za kompyuta ndiko kunakonilisha, lakini wakati ule nilitaka kitu kimoja tu: laptopu aliyoahidiwa mshindi wa mashindano ya programu kule Tororo.

Wandera, kiongozi wa klabu, alinakili kazi yangu kwenye flashi, akafuta jina langu, akaweka lake. Nikamshtakia mwalimu.

"Wewe wacha wivu," akasema. "Wandera ndio anakwenda. Nyinyi wengine mtapiga makofi."

Basi nikaenda kupiga makofi. Wandera alipomaliza kujigamba na waamuzi wakaomba maswali, mkono wangu ulikuwa juu.

"Wandera, kama bano iko ndani ya bano, programu yako inafunga gani kwanza?"

Akatabasamu. "Ile ilifunguliwa kwanza."

Watoto wa Busia, waliokulia kati ya malori, wakaangua kicheko. "Wewe! Utatoa gunia ya chini kwanza aje?"

Mwamuzi akamtaka aonyeshe mahali programu inapofanya hivyo. Alipekua, akapekua, asipaone, na mimi, msinihukumu, niliona raha kama mtu anayejikuna upele. Mwamuzi akanigeukia. "Na wewe, binti, ungefungaje?" Sikumjibu. Nilikuwa bado namkodolea macho Wandera, nikicheka. Laptopu ikaenda kwa msichana wa Nagongera aliyetengeneza programu ya kuhesabu kuku.

Usiku ule nililala fofofo. Kisasi ni kitamu, asikudanganye mtu, na Wandera sijamsamehe mpaka leo. Lakini ilinichukua miaka kuelewa kwamba swali lile la mwamuzi ndilo lililokuwa laptopu yenyewe. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nami nilikuwa nacheka.