Mutindi Aliyemzuia Baba Mlangoni

Injini inakohoa mara mbili, inatulia, kisha inanguruma. Mutindi Kilonzo anakaza leso kichwani, anainua debe la mahindi na kulimimina kwenye mdomo wa mashine. Muda si muda nyusi zake ni nyeupe kama za ajuza.

Soko la Kikima, huku Mbooni, linamjua kama "Mutindi wa mashine". Ana miaka thelathini na minne. Kazi hii alifundishwa na baba yake, Mzee Kilonzo, na kwa miaka mingi wamesaga pamoja, mmoja akimimina, mwingine akikinga unga.

"Kelele ni nyingi hapa, lakini sisi tulikuwa tunasikizana," anasema. "Alikuwa akinisimulia mambo ya kanisani, tunacheka mpaka wateja wanatushangaa."

Mwaka jana, 1991, mzee alianza kuchoka. Fizi zikatoka damu, madoa meusi yakatokea mikononi bila kugongwa. Wakadhani malaria. Ni hospitalini Nairobi walikoambiwa: saratani ya damu.

Dawa alizotundikiwa zilimmaliza nywele, zikamrudishia nguvu kidogo, kisha zikamwangusha tena. Mwezi uliopita daktari alizisimamisha. Damu ilikuwa imepungua mno, apumzike kwanza. Mutindi akauliza kama baba atapona.

"Akaniambia, 'Mama, tutajaribu. Siwezi kukuahidi.' Nilitamani anidanganye tu."

Kulikuwa na agizo jingine: mwili wa mzee hauna kinga, asikae penye vumbi wala msongamano wa watu.

Waliposhuka basi Kikima siku hiyo, Mzee Kilonzo hakuelekea nyumbani. Alijikongoja mpaka kwenye mashine, koti likimpwaya. Mutindi alimtangulia, akafungua kufuli, kisha akasimama katikati ya mlango.

"Nau," alimwambia, ndivyo Wakamba wamwitavyo baba, "daktari amekataza."

"Mwanangu, unanizuia mlangoni pangu mwenyewe?"

Wanawake waliokuwa wakingoja kusagiwa waliinamisha macho. Mzee alichungulia ndani juu ya bega la bintiye, kisha akageuka, akapanda kilima polepole.

"Nilisaga nikilia," anasema Mutindi. "Heri ile kelele. Hakuna aliyenisikia."

Siku hizi huoga na kubadili nguo kabla ya kumkaribia, na mara nyingi humkuta amekwisha lala. Wanaishi boma moja, lakini anamkosa kama mtu aliyesafiri. Shangazi yake, Syombua, anataka dawa ziachwe, mzee aombewe tu. Mzee mwenyewe anasema maombi na dawa hazigombani.

Alhamisi watapanda basi tena, damu ikapimwe.

"Ikikubali, tunaanza upya. Ikikataa, namrudisha nyumbani, nafunga mashine wiki nzima, tukae tuongee mpaka tuchoke."

Mpango huo alimwambia baba yake jana, jua likiwa bado halijazama. Mzee alitikisa kichwa.

"Wiki nzima? Na watu wa Kikima wale nini?"

Kisha akajisogeza kwenye benchi, akamwachia nafasi.

"Keti sasa hivi," akasema. "Anza wewe."