Mikonge Mitatu ya Mpakani

Mtunza bustani wa hoteli ninayolinda hapa West Bay, ughaibuni, amekata mkonge wa mapambo, na harufu ya utomvu wake imenirudisha utotoni, mbele ya chifu wa kijiji chetu.

"Nani amesogeza mpaka?" chifu aliuliza.

Jirani alimnyooshea nyanya yangu kidole. Mikonge mitatu ya mpakani ilikuwa imeingia shambani kwa jirani huyo. Niliihamisha mimi, nikicheza kulima, na viganja vilikuwa vinaniwasha vibaya kwa utomvu wake.

Nyanya aliviona. Akavifunika kwa leso yake, akavibana kwa nguvu.

"Mpaka uko pale alipouacha marehemu mume wangu," akasema.

Chifu akaamua kwa neno lake. Jirani alivua kofia, akalia mbele ya wanawe.

"Dada, mikono ina nini?" mtunza bustani ananiuliza, akiniona nikijikuna viganja.

Nimeificha mgongoni.