Goti Lililosingiziwa

Fébronie alikuwa na miaka hamsini na minane goti la kulia lilipoanza kumtesa. Alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja Houston, akisukuma matoroli ya mashuka yaliyolowa tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kwa miaka kumi hakuwahi kukosa zamu. Mumewe alifariki wakiwa bado katika kambi ya wakimbizi Kigoma. Aliishi mtaa wa Gulfton, ghorofa ya pili, pamoja na bintiye Keza, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu nusu Kiingereza.

Mwanzoni alijichua kwa dawa ya dukani. Baadaye akawa anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Katikati ya mwaka 2018, Keza akampeleka kwa daktari wa mifupa.

Daktari alizungumza kupitia mkalimani wa simu. Swali la kwanza: kuanzia sifuri hadi kumi, maumivu ni ngapi?

Fébronie akafikiri. Kumi ilikuwa siku aliyomzaa Keza kando ya njia, kabla ya kufika zahanati ya kambi. Hili la goti halifiki hata nusu.

"Nne," akasema.

"Mama, no! Sema nane," Keza akamnong'oneza.

"Nne." Aliona haya kumdanganya daktari.

Daktari akaandika nne. Akatazama picha ya goti, akasema limelika kidogo, lakini wakati wa upasuaji bado. Akamdunga sindano gotini. Haikusaidia hata siku mbili.

Miezi mitano baadaye, daktari wa pili aliitazama picha ile ile akasema goti linaweza kubadilishwa, kama mwenyewe anataka.

"Goti la nani?" Fébronie akamwuliza mkalimani.

"Vipi, mama?"

"Hilo watakaloniwekea. Ni la nani?"

Mkalimani akamwuliza daktari, akarudi na jibu: ni chuma na plastiki, si la mtu. Hapo akapumua kidogo. Lililobaki kumkanganya ni lile neno, kama anataka. Kambini daktari alisema kata, wakakata. Huyu amesoma miaka yote hiyo, picha iko mbele yake, halafu anamwuliza dobi! Na picha ni hiyo hiyo moja. Mmoja kasema bado, mwingine kasema sawa.

"It's your choice, Mama," Keza akamwambia garini.

"Ningekuwa najua, ningekwenda kwa daktari?"

Hakukubali, hakukataa. Akaambiwa aanze mazoezi ya kuimarisha miguu huku akifikiria. Huko alimkuta Jerioth, Mkenya, msaidizi wa mazoezi ya viungo. Siku ya tatu Jerioth alikuwa akipangusa kitanda alipomwona Fébronie akihangaika na soksi. Ya kushoto aliivaa mara moja. Ya kulia aliifuata kwa ncha za vidole, mguu ukagoma kupanda, mwishowe akamwita Keza amvalishe.

"Mama, nyumbani pia anakuvalisha?"

"Tangu Krismasi."

Jerioth akamlaza tena chali. Akalikunja goti, akalinyoosha. Sawa. Kisha akauzungusha mguu mzima kwa ndani, kutokea juu.

"Goti langu!" Fébronie akapiga yowe.

"Goti sijaligusa, mama. Nimezungusha nyonga." Jerioth akaenda kumwita mkubwa wake.

Wiki iliyofuata akapigwa picha ya nyonga kwa mara ya kwanza. Mfupa ulikuwa unasagana na mfupa.

Daktari yule wa pili akaeleza kwamba nyonga ikiharibika, maumivu yake huweza kushuka mpaka gotini, na kwamba nyonga hiyo ndiyo ya kubadilishwa. Fébronie hakujua acheke au alie. Alikuwa amebakiza saini tu akatwe goti lisilo na kosa. Na sasa hii nyonga aiaminije?

"Nikisubiri je?" akauliza.

"Haitapona, lakini haitakuua. Niambie, umeacha kufanya nini?"

Hilo aliweza kulijibu. "Nimeacha kukata kucha za miguu. Kulalia ubavu huu nimeacha. Misa siendi, ngazi zinanishinda. Kazini wenzangu wananisukumia toroli, msimamizi asijue."

Keza akamgeukia. Hilo la kazini hakuwa amelisikia.

"Na bado ni nne?" daktari akauliza, akisoma faili.

"Sijui. Hiyo hesabu yenu sijawahi kuielewa."

Akaomba wiki moja. Mwenzake mmoja wa kanisani akampigia simu, akamwambia mtu akikatwa nyonga hatembei tena. Mwingine akasema shemeji yake anacheza mpira. Wiki ikaisha akiwa amechanganyikiwa kuliko mwanzo. Asubuhi ya siku ya nane alikaa kitandani dakika ishirini akimsubiri Keza atoke bafuni amvalishe soksi, na alipotoka akamwambia, "Wapigie. Wafanye."

Akafanyiwa upasuaji Oktoba 2019. Kesho yake wakamsimamisha na fremu ya kutembelea. Kidonda cha nyonga kilimuuma, lakini goti lilikuwa kimya kabisa.

"Waulize kama wametengeneza na goti," akamwambia Keza. Muuguzi akacheka, akasema hapana. Fébronie hakuridhika mpaka alipoinua shuka akatazama mwenyewe. Hakukuwa na mshono.

Januari akarudi kazini, safari hii kwenye kukunja taulo, ambako kuna kiti. Jirani yake Cécile, Mkongomani anayehangaika na goti la kushoto, akaja siku moja kumwuliza.

"Dada, ulijuaje kwamba wakati umefika?"

Fébronie akamvutia kiti.

"Sikujua," akasema. "Nilichoka tu. Lakini kabla hawajakugusa, mwambie daktari akuangalie na nyonga."