Jiwe Bapa Kanisani

Nilimbadilisha mwanangu nepi juu ya kaburi la watu. Sikujua kama ni kaburi. Naandika kwa sababu kwa mawifi zangu, mjini kwetu Ibra, hadithi imeshageuka, imekuwa nilikwenda kanisani makusudi kufanya ufidhuli.

Mume wangu kapelekwa na ofisi yake kusoma Uingereza, mimi na mtoto tukamfuata kwa wiki mbili. Siku hiyo alitutoa tukaone mto. Mto wenyewe mwembamba, maji rangi ya chai, na ukingoni kanisa la mawe la zamani sana, kubwa kuliko kijiji chenyewe. Mvua ikatushika hapo. Mtoto, miezi minane, alikuwa anaharisha tangu asubuhi, mapaja yameshachubuka. Mgahawa umefungwa, gari tumeliacha mbali.

“Tuingie humu,” nikamwambia.

“Kanisani? Mama akisikia?”

“Mama yuko Ibra. Mtoto yuko hapa.”

“Ingia wewe. Mimi nitasimama mlangoni.”

Nikaingia. Ndani mlikuwa na bibi mmoja wa Kizungu anapanga maua kwenye ndoo. Nikamwonyesha mtoto, akanipungia mkono, popote tu, akarudi kwenye maua yake. Mabenchi yote membamba, mtoto angeanguka. Pembeni, karibu na mlango, palikuwa na jiwe bapa, limeinuka hadi kiunoni, laini. Nikatandika mtandio wangu wa akiba, nikamlaza, nikampangusa kwa maji ya chupa, nikampaka dawa. Akanyamaza, mara ya kwanza tangu alfajiri.

Ndipo sauti ya mume wangu ikatoka mlangoni: “We! Kaburi hilo!”

Nikainama kutazama. Kweli, ubavuni, upande wa mlangoni, pameandikwa jina la mtu na mkewe. Kwetu makaburi yako nje ya mji, mawe tu kichwani na miguuni, na hata kukalia hukalii. Nani angefikiria maiti wamewekwa ndani, pamoja na wanaosali? Nikamwinua mtoto haraka.

“Umejuaje?”

“Nimeyaona maandishi tangu ulipomlaza.”

“Na ukanyamaza?”

“Nipige kelele kanisani?”

“Na sasa umefanya nini?”

Nikampa mtoto huko huko mlangoni, nikarudi kulipangusa jiwe, japo halikuwa na doa. Nikamwomba radhi yule bibi. Akacheka. Akasema hao wawili walizaa watoto kumi na mmoja, nepi haziwashtui.

Jioni mume wangu akampigia mama yake, akamweleza kila kitu. Kanisa, jiwe, maandishi. Pale alipokuwa yeye mwenyewe hakupataja. Nikamnyang'anya simu.

“Shikamoo, mama. Na mwanao alikuwa mlangoni anatutazama, hakutia hata mguu ndani.”

“Marahaba. Mapaja ya mtoto yamepoa?”

“Yamepoa, mama.”

“Alhamdulillahi. Haya, mpe simu mumeo.”

Nikampa. Chai ilikuwa inachemka jikoni, nikaiacha, nikakaa kitako nisikilize.