Nyumba Iliyovaa Soksi Mpya

Mnisamehe mapema kwa mwandiko huu unaopinda kama njia ya ng'ombe, na kwa herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na sentensi moja hunichukua muda wa kuivisha maharage. Lakini habari ya nyumba yetu ya Bariadi baba huisimulia kila siku, na sifa zote hujipa yeye.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja na malori yao. Baba alitaka nyumba mjini ili mama apate mahali pa kuuzia mchele. Mwenye duka mmoja, aliyekuwa akihamia Mwanza, akataka ng'ombe sita kwa nyumba yake. Tulikuwa na sita hasa, ila wawili walikuwa maksai wa plau. Nilielewa upesi kuliko nilivyowahi kuelewa lolote shuleni: maksai wakiondoka, wa kulima kwa jembe la mkono ni mimi.

Tulikwenda kuiona asubuhi moja ya kiangazi. Baba akamsalimia mwenye duka Kisukuma, "Mwangaluka," wakaanza kuizunguka nyumba. Kwetu kijana hafungui mdomo wazee wakipatana bei. Nami hata bila desturi hiyo nisingeufungua; nikitazamwa, huinamia miguu yangu. Ndivyo nilivyoona. Juu chokaa ilikuwa imefifia, lakini kuanzia magotini kwenda chini ukuta ulikuwa mweupe kama yai. Maji ya mbugani huacha alama usawa huohuo kwenye ghala letu, na hapa mtu alikuwa ameifunika kwa chokaa mpya.

Nikataka kumwambia baba, nikashindwa. Basi nikauegemea ukuta, nikasugua miguu kama ng'ombe mwenye kupe, kisha nikasimama mbele ya baba nikampa mgongo.

"Wewe, unanipa mgongo mbele ya mwenyeji?" Halafu akanikagua kuanzia mabegani hadi miguuni. Shati langu lilikuwa safi. Suruali ilikuwa nyeupe kuanzia kisigino hadi gotini.

"Ndugu yangu," baba akamwambia mwenye duka, "mbona nyumba yako imevaa soksi mpya na shati kuukuu?"

"Kuku, mzee wangu. Wanachafua ukuta."

"Kuku wako wanafika magotini?"

"Ni majogoo."

"Basi tutarudi wakati wa mvua, tuwaone majogoo wakiogelea."

Mwenye duka hakuweza kungoja mvua. Mizigo yake ilikuwa imeshafungwa. Akashuka hadi watano, kisha wanne. Akanitazama. "Huyu kijana wako haongei?"

"Haongei," baba akasema. "Angekuwa anaongea ungeshuka hadi watatu."

Mjumbe wa mtaa akaitwa, akaandika mapatano, wakaweka dole gumba. Maksai wakabaki, nami nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Kesho yake baba akanikabidhi jembe la mkono. Nyumba ni nzuri, akasema, inataka tu mtaro wa kugeuza maji, na maksai hawapiti kati ya ukuta na ua wa jirani. Nilichimba kiangazi chote. Mvua zilipokuja maji yalifuata mtaro wangu, na mama akauza mchele miguu yake ikiwa mikavu. Baba huwaambia wageni kwamba nyumba ile aliikagua kwa jicho la uzoefu. Mimi huangalia miguu yangu.

Wewe uliyewahi kununua nyumba, niandikie unipe habari: ulianza kuitazama wapi? Usijali mwandiko. Nitasoma polepole, kama nilivyoandika.