Mahindi Yaliyopumua Chumbani kwa Mama Mkwe

Wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni Bungoma, na bayolojia ilikuwa imenipanda kichwani kuliko pombe ya busaa. Nikiona jani tu, nalihutubia.

Baada ya mavuno tukaenda Kitale, mimi na mke wangu, kumsalimia mama yake. Mvua ilikuwa imegoma kuisha. Mama mkwe, kwa kuogopa wezi, alikuwa ameingiza mahindi ambayo hayajakauka chumbani mwake, magunia yamegusa mabati. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mwaka mzima. Nikiwa sebuleni, pazia likapepea, ikanijia harufu ya uvundo ya kuamsha Mlima Elgon.

Miguu ikaanza kuniwasha. Kwetu mkwe hampi mama mkwe hata mkono, sembuse kuingia chumbani mwake! Nikatoka uani, nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

“Mwambie mama mahindi yanapumua,” nikamwambia mke wangu.

“Yanapumua? Si yalishavunwa, bana!”

“Punje iko hai! Jani linatengeneza ATP, ile nguvu ya seli, kwa mwanga wa jua, halafu linaitumia kuunda sukari. Punje huko gizani inavunja chakula chake kwa oksijeni ndiyo ipate ATP. Mtambo wenyewe karibu ni uleule, chembe za haidrojeni zinauzungusha kama maji kwenye kinu. Huku zinasukumwa na jua, huku na chakula. Lakini punje ikivunja chakula inatoa joto na maji, na ikiwa mbichi inavunja mbio mbio. Ukungu nao unakuja kula!”

Sauti ya mama mkwe ikatoka jikoni, ikimwendea binti yake, si mimi: “Mwambie huyo mtu wako mahindi hayana mapafu.”

“Mwambie mama atie mkono katikati ya gunia. Tafadhali!”

Nikingoja, nikang'oa nusu ya fito za ua kwa vidole. Kisha kutoka chumbani: “Uuuwi! Ni moto kama uji!”

Majirani wakaitwa, jua likiwa limechungulia kidogo. Nikaamriwa nigeuke niangalie barabara, nisije nikaona chumbani kwa mkwe, wao wakiburuta magunia mpaka kwenye turubai. Nilipaza sauti bila kugeuka: “Tandazeni nyembamba!” Magunia mawili yalikuwa meusi ndani, yakatupwa. Mengine yalipona.

Nilipouliza kama sasa naweza kugeuka, mama mkwe akamwambia binti yake: “Mwambie abaki hapo hapo. Wingu likitokea, apige kelele.”