Hildegardi na Kiko cha Baba Mkubwa

Mwaka wa sabini na nne, kijiji chetu cha ujamaa huko Matiri kilimchagua Hildegardi aende Mbinga kufundishwa uhudumu wa afya. Alijua kusoma na hakuogopa mtu. Mdomo wake ulichoma kuliko sindano ya zahanati, nasi tukaona huo ndio utabibu wenyewe.

Mwalimu wao, Bwana Mbaruku kutoka Tanga, aliwafundisha namna ya kumsaidia mtu kuacha tumbaku: muulize anavuta lini na akiwa na nani, msikilize, usimgombeze. Hildegardi alirudi nyumbani akiwa amelisahau somo lote.

Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa baba yake, mzee Nazari. Kifua kilikuwa kimemkondesha, na mganga alishasema kwamba akiendelea kuvuta hatayaona mavuno ya kahawa. Hildegardi alimgombeza asubuhi, akamgombeza jioni. Mzee aliahidi kuacha, kesho yake akanuka moshi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," binti alisema, kisha akaenda kulia jikoni. Alimpenda sana baba yake.

Machozi yalipokauka, ndipo alipokumbuka kuuliza.

"Baba, huwa unavuta na nani?"

"Na kaka yangu, kwenye sengu."

Sengu ni pale wanaume wa ukoo wetu wanapokula pamoja, chakula kikitoka kila nyumba. Wakishashiba, mkubwa wao, mzee Ignatio, huwasha kiko na kukizungusha. Ndugu hawa wawili waligombania mpaka wa shamba miaka mingi, wakapatanishwa papo hapo penye sengu. Kukataa kiko cha Ignatio kungekuwa sawa na kusema kwamba kinyongo bado kipo. Nazari aliona afadhali akohoe.

Jioni ile Hildegardi alileta ugali, ila hakuondoka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama?"

"Baba anakufa kwa moshi, na anaogopa kukukatalia kiko."

Tuliokuwepo tuliinamisha macho kwa aibu. Ignatio alimgeukia mdogo wake.

"Nazari, ni kweli unavuta kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, kaka, ili usije ukadhani sijakusamehe."

Ignatio alimega tonge, akalichovya kwenye maharage, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe mbele ya watoto wao.

"Shamba lenyewe sasa ni la kijiji, mdogo wangu," alisema. "Kula, uishi."